Juu ya Rafu ya Mwisho

Basatin, Cairo
6 Machi

Mpenzi wangu Rabab,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na umekula kitu zaidi ya biskuti. Usishtuke kuona karatasi. Najua wewe ni mtu wa vioo na vitufe, lakini simu yangu ni ya ofisi, na tangu juzi kila anayenipigia jina lake linaandikwa. Binamu yetu Sabri bado anakagua tiketi kwenye treni ya Aleksandria, naye amekubali kuwa njiwa wetu. Akifika mpe chai, wala usimhoji, maana hajui lolote.

Rabab, ile mashine yenu imenitia kitanzini.

Unakikumbuka kile kitambaa cheusi kilichotariziwa Ayatul Kursiyu kwa nyuzi za fedha? Nilikuonyesha siku mlipokuja kufunga antena, ukakipapasa kama mtoto anayepapasa paka. Basi wakubwa wa makumbusho wamekitaka kwa maonyesho ya Ramadhani. Tukaiuliza mashine. Mashine ikaliita ghala zima: masinia ya shaba, mahema ya harusi, masufuria, viatu vya mbao vya hamamu, na kila kimoja kikaitika kwa kibandiko chake cha redio kama watoto wa shule. Kitambaa hakikuitika. Kioo kikatoa maandishi mekundu: hakimo ghalani.

Unaujua utaratibu wetu. Kila kilichomo humu kiko shingoni mwangu, nimekitia sahihi mwenyewe kwa jina langu. Kikivunjika, ni mimi. Kikipotea, ni mimi tena. Na mwaka huu ndio wa kustaafu kwangu. Nisipokabidhi dhamana yangu kamili, siendi nyumbani, naenda kwa mwendesha mashtaka.

Wameunda kamati. Mwenyekiti ni Ustadh Ragai, yule mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso. Aliniambia, "Sitt Inshirah, mashine haina jamaa wala rafiki. Ikisema hakimo, hakimo."

Nikamwambia, "Ustadh, mashine hiyo hiyo ilipanga vitu vyote kwa ukubwa wa masanduku, ikatupia viatu juu na vyombo vya kulia chini. Haina adabu, itakuwa na akili?"

Hakucheka. Nimekaa miaka chungu nzima na mtu huyu, sijawahi kuyaona meno yake.

Kumbuka, hakuna pale ajuaye kwamba mhandisi Rabab Fikri na mimi ni tumbo moja. Baba mbalimbali, majina mbalimbali, na iendelee hivyo hivyo. Niambie tu: inawezekana mashine ikakosea?

Dada yako,
Inshirah

*

Aleksandria
9 Machi

Abla, dada yangu mkubwa mpendwa,

Waalaikumu salaam. Sabri amekunywa chai tatu na amemaliza bajia zangu zote za ta'miya, kwa hiyo njiwa wako ni ghali kuliko posta.

Tulia kwanza. Kaa chini. Najua umesimama unaposoma.

Nitakueleza inavyofanya kazi ili moyo wako upoe. Vitu vyote vikiulizwa kwa pamoja "nani yupo?", vyote vitapayuka mara moja na hakuna litakalosikika, kama kwetu siku ya harusi. Ukiviuliza kimoja kimoja, utazeeka hujafika nusu ya ghala. Kwa hiyo tunafanya hivi: tunatangaza kwamba asiyetafutwa anyamaze, na anayetafutwa aitike kwa zamu yake. Kisha tunatazama majirani. Kwenye kila rafu tumepigilia vibandiko vyetu ambavyo mahali pake tunapajua. Kitu kikisikika kwa nguvu sawa na kibandiko cha mstari wa nne, basi kinakaa mstari wa nne. Mtu hujulikana kwa jirani zake, na kitu vivyo hivyo. Utafutaji uliokuwa ukila asubuhi nzima sasa unaisha kabla chai haijapoa. Hiyo ndiyo kazi yangu, Abla. Sehemu hiyo niliiandika mimi mwenyewe.

Nimeingia kwenye mfumo wa ghala lenu kutoka huku. Nimekiita kitambaa chako jana, nimekiita leo. Sitakuficha: hakikuitika. Lakini huenda kibandiko kimebanduka, au nyuzi za fedha zinakifunika sauti, maana madini ni adui wa redio. Waambie wapite na kisomaji cha mkono kati ya rafu, polepole, karibu karibu.

Kama kimo, kitaitika. Niamini.

Mdogo wako,
Rabab

*

Basatin
14 Machi

Rabab mwanangu,

Salamu nyingi. Wamepita na kisomaji cha mkono. Walikiburuta mistari yote kama mtu anayepiga pasi, kikalia kwa kila sinia na kila kiatu, lakini kwa kitambaa, kimya.

Sasa hawatafuti tena ghalani. Mashine ikishasema kitu hakimo, nani atapanda ngazi kuingia vumbini? Wanatafuta nje. Wamepekua gari la mlinzi. Juzi walikuja nyumbani kwangu, watu wawili wenye adabu zao, wakaniomba radhi huku wakifungua makabati yangu. Jirani wa ghorofa ya juu alisimama ngazini na bakuli lake la dengu, anajifanya amekuja kuazima chumvi. Mwenye dengu mkononi anatafuta chumvi ya nini?

Mimi wamenipa kiti ukumbini. Sijafukuzwa, ila siingii ghalani bila mtu wa kunisindikiza. Naja asubuhi, nakaa, naondoka. Kukaa bure sikuwezi. Nimefuta dirisha la ukumbi mpaka limeanza kuniogopa. Upepo wa khamsini, ule wa vumbi la jangwani, umeanza mapema mwaka huu, nafuta vumbi linarudi, nafuta linarudi, nashukuru angalau lina kazi ya kunipa.

Jana Ustadh Ragai aliniita.

"Sitt Inshirah, una binti Kuwait?"

"Ninaye, Mungu amhifadhi."

"Anakaribia kujifungua?"

"Ndiyo. Kamati inataka kuja kwenye akika ya mtoto?"

"Safari ni ghali," akasema, akaandika kitu.

Nikamwuliza ameandika nini. Akasema, "Nimeandika kwamba safari ni ghali." Hebu fikiria, Rabab. Neno dogo kama hilo, likiandikwa na mkono wa kamati, linageuka jino.

Na mabaya hayaji peke yake. Ule ushungi wangu wa buluu ulioniletea kutoka Tunis umepotea tangu baridi, na mimi namjua mwenye mkono mrefu pale. Umm Hashim anayefagia alikuwa akiusifia kila siku. Nilimwambia wazi mbele ya watu, akalia. Sijali. Siku hizi kila mtu analia.

Kitafute tena. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu tangu ulipokuwa mdogo na nilikuomba uache kula chaki.

Inshirah

*

Aleksandria
19 Machi

Abla,

Nitauliza mara moja tu, na nataka unijibu wewe, si ulimi wako.

Nimekitafuta kitambaa kile kwa kila njia ninayoijua. Nimebadili nguvu za antena, nimebadili zamu, nimewauliza majirani zake wote. Hakimo. Mfumo huu umefungwa kwenye maghala kuanzia Port Said hadi Aswan, na haujawahi kusema hakimo halafu kikawemo. Mhandisi mkuu, Bwana Wagih, ameona naingia kwenye ghala lenu kila siku, akaniuliza kuna nini. Nimemdanganya. Sijazoea kudanganya, nikadanganya vibaya.

Je, ulikitoa? Labda ulikipeleka kwa fundi kushona uzi uliokatika ukasahau kuandika. Labda kuna mtu alikuahidi kitu kwa ajili ya safari ya Kuwait. Kama ni hivyo niambie sasa, wakati bado tunaweza kukirudisha kimya kimya. Sitakuhukumu. Lakini siwezi kukusaidia nikiwa gizani.

Rabab

*

Aleksandria
27 Machi

Abla yangu, nuru ya macho yangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sabri ananiambia ulipokea bahasha yangu, ukaisoma ukiwa umesimama mlangoni, ukamwambia "hakuna jibu," ukafunga. Safari ya pili hukumfungulia kabisa. Nimepiga simu ya jirani yako wa dengu, akasema umzima, unapiga zulia roshani kila siku mpaka mtaa mzima unakohoa.

Usinijibu kama hutaki. Soma tu, na usome mpaka mwisho.

Siku ya Mama, tarehe 21, nilikwenda makaburini kwa mama yetu. Nilimsomea Fatiha, nikamlalamikia kidogo juu yako, nikalia. Mke wa Sabri alikuwa nami. Tulipotoka tukawa tunatembea kando ya ukuta, tunabishana bei ya vitunguu. Tulipofika kituoni akaniuliza, "Ule mkate ulikuwa mkavu?"

"Mkate gani?"

"Huo uliouokota."

Nikamwambia, "Sijaokota kitu, wewe." Akanicheka. Akasema nimeinama, nimeokota kipande cha mkate njiani, nimekibusu, nimekigusisha kwenye paji la uso, nimekiweka juu ya ukuta, na muda wote huo sikunyamaza kuhusu vitunguu. Nikarudi kuangalia. Mkate ulikuwa juu ya ukuta, Abla. Na mimi nilikuwa tayari kula kiapo kwamba sikuugusa.

Nilisimama pale jua la saa saba likinipiga. Nikakumbuka ulivyoniandikia kwamba mashine imetupia viatu juu. Nikajiuliza, chini ya viatu iliweka nini kingine, na mkono wako ulifanyaje?

Nilirudi ofisini mbio. Sasa sikiliza jambo ambalo sikukueleza, kwa sababu sikuona lina maana. Paa la ghala lenu ni la bati. Sauti za vibandiko hupanda, hugonga bati, hurudi kama mwangwi, na mwangwi huichanganya mashine ikaona kitu kimoja mahali pawili. Tulikuwa tunachelewa. Mkataba unataka haraka. Nikaandika kanuni: chochote kinachosikika kutoka juu ya rafu ya mwisho ni mwangwi, kitupwe bila kuhesabiwa. Nani angeweka kitu juu ya rafu ya mwisho? Kanuni ile ndiyo iliyoifanya mashine iwe na kasi. Walinipigia makofi kwa ajili yake.

Nimefungua zile sauti zilizotupwa. Kimo. Kiko juu ya lile kabati la chuma mwisho wa mstari wa saba, chini kidogo ya bati. Chuma cha kabati kinaizuia sauti yake isishuke, ndiyo maana kisomaji cha mkono hakikuisikia. Lakini antena za darini zilikuwa zikiisikia. Ni hafifu, lakini ni yake. Kimeitika leo. Kiliitika siku ile ya kwanza mlipokiita. Kimekuwa kikiitika kila siku tangu Januari, kila antena zilipojipima, na mimi ndiye niliyeamuru kisisikilizwe.

Panda ukaangalie. Au mtume mtu. Kisha niambie.

Rabab

*

Basatin
30 Machi

Rabab,

Waalaikumu salaam, kwa sababu salamu ni deni.

Nilimwambia mlinzi nimesahau mto wangu wa kukalia ndani ya ghala. Akamtoa Umm Hashim anisindikize. Hatusemeshani, mimi naye, kwa hiyo alisimama mwanzo wa mstari akanipa mgongo. Nikavuta ngazi. Umri huu, magoti haya, nikapanda.

Kipo.

Kipo kama mtoto mchanga, kimekunjwa vizuri, kimefungwa ndani ya ushungi wa buluu. Ushungi wangu, wa Tunis. Nilishika ukingo wa kabati nisianguke. Sikukigusa. Nikashuka, nikamwambia Umm Hashim mto haupo, na sikuweza kumtazama usoni.

Sasa nakumbuka, au ninadhani nakumbuka. Ilikuwa wiki ile ya kupanga, baridi kali, sisi sote tuna kikohozi. Mashine ilitoa amri: mstari wa saba, rafu ya chini kabisa. Na rafu ya juu yake, viatu vya hamamu. Viatu, Rabab! Vilivyokanyaga maji machafu ya watu, juu ya Ayatul Kursiyu. Najua nililiona hilo. Najua nilisema astaghfirullah. Baada ya hapo hakuna kitu, ukuta. Nadhani simu iliita au mtu aliniita. Mkono ulifanya kazi yake wenyewe, ukakifunga dhidi ya vumbi, ukakipandisha, ukarudi. Kichwa hakikuulizwa.

Lakini nani ataamini? Hebu kaa kwenye kiti cha Ustadh Ragai. Kitu cha thamani, kimetolewa mahali pake, kimefungwa kwa ushungi wa mtunza ghala, kimefichwa mahali pekee ambapo mashine haisikii. Na mtunza ghala anastaafu, na bintiye yuko Kuwait, na safari ni ghali. Na mashine imeandikwa na nani? Na mdogo wake! Atasema uliniambia pa kukificha. Kilipokuwa kimepotea nilikuwa mzembe. Sasa kimepatikana, nimekuwa mwizi.

Kwa hiyo nyamaza. Mimi nimenyamaza. Kikae hapo, nitajua la kufanya. Nafikiria niseme tu kwamba nilikipoteza, nilipe maisha yangu yote, yaishe. Sijala tangu jana. Nimefua mapazia yote na yalikuwa safi.

Na lile swali lako, Rabab. Watu wa kamati walifungua makabati yangu nikawapa chai. Wewe ulinifungua kifua. Nilikulea mgongoni Mama alipokuwa hospitali. Ningekuwa mwizi, ningeanza na maziwa yako.

Inshirah

*

Aleksandria
3 Aprili

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kwa dada yangu, Inshirah binti wa mama yangu,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh, salamu ya mtu aliyekosa.

Nilikukosea. Sitasema nilikuwa nimechoka, wala sitamsingizia Bwana Wagih. Uliniambia hukukichukua, na mashine yangu iliniambia hakimo, nikaiamini mashine kwa sababu niliizaa mimi. Nikasahau kwamba na mimi nilizaliwa, na nani alinibeba. Naona aibu hata kuandika. Nisamehe ukiweza, na usipoweza nitaendelea kukuomba.

Lakini sitanyamaza. Hilo nalo nisamehe.

Sikiliza. Ukikaa kimya, kuna siku fundi wa taa atapanda juu ya kabati hilo na atakikuta. Siku hiyo hutakuwa na la kusema na mimi sitakuwa na la kuonyesha, maana zile sauti zilizotupwa hazihifadhiwi milele. Leo ninazo. Zinaonyesha kwamba tangu Januari kitambaa hakijasogea hata kidogo. Mwizi haachi kitu mahali pamoja majira mazima ya baridi, kikiita kila siku "nipo, nipo" kwa yeyote mwenye masikio.

Ili kuzionyesha lazima nieleze kanuni yangu. Ili kuieleza kanuni lazima nikiri kwamba ni mbovu. Nilikwenda kwa Bwana Wagih nikamwambia.

Akaweka kikombe chini. "Unataka kuniambia maghala yote tuliyofunga yana shimo darini?"

"Yote, Bwana."

"Na unataka kwenda kuyasema hayo mbele ya kamati ya serikali?"

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya kitambaa?"

"Kwa ajili ya dada yangu."

Akasema, "Yule mtunza ghala ni dada yako, na umekuwa ukiingia kwenye mfumo wao kila siku bila kuniambia." Akafungua dirisha, akalifunga. "Nenda. Ukirudi tutaona kama kiti chako bado kipo."

Basi nakuja. Jumapili asubuhi, wiki ya kazi inapoanza, nitakuwa mlangoni kwa kamati. Nitasema sisi ni tumbo moja kabla hawajaniuliza. Usikimbie, usiumwe, usifue kitu. Vaa gauni la kijivu.

Mdogo wako,
Rabab

*

Basatin
8 Aprili

Rabab mdogo wangu,

Waalaikumu salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Walikutoa chumbani ulipomaliza, na Sabri akakuwahisha treni, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Nakuandikia upesi kabla sijaanza kuyatia chumvi. Umm Hashim keshaanza, na toleo lake lina watu wengi zaidi.

Ulisema vizuri. Ulipotamka "ni dada yangu, mama mmoja," nilimwona Ustadh Ragai akishusha miwani ya paji la uso ikagongana na ile ya machoni. Ulipofunga mlango, walipanda wakakiteremsha. Wakakiweka mezani, ndani ya ushungi wangu.

"Ushungi huu wa nani?"

"Wangu."

"Ulikificha."

"Nilikipandisha."

"Kuna tofauti gani?"

"Kilikuwa chini ya viatu, Ustadh. Mwulize yeyote aliyelelewa na mama."

"Sitt Inshirah," akasema, na sauti yake ilikuwa ya uchovu, si ya ukali, na hilo ndilo lililonitisha, "dada yako ametuonyesha kwamba hakikutoka. Sawa. Hajatuonyesha kwamba hakikuwa kinangoja kutoka. Unataka niandike kwamba mtu mzima, mtumishi wa serikali, alibeba kitu kilicho kwenye dhamana yake, akakifunga, akakipeleka juu, na hajui kama amefanya? Mkono una akili yake peke yake?"

Nilimwona mwandishi wa kamati ameshika kalamu anangoja, nikafikiria uso wa binti yangu akipata habari Kuwait.

Umm Hashim akaingia na sinia la chai. Meza imejaa mafaili, hakuna pa kuweka. Ustadh Ragai akaendelea kunieleza kifungu cha sheria. Kitambaa kilikuwa kimefunuka upande mmoja, fedha inang'aa, na sinia linashuka kuelekea pale pale. Basi huku anazungumza, Rabab, huku anasema "na kwa mujibu wa kifungu hiki," akakinyanyua kwa mikono miwili, akakigusisha midomoni, akageuka, akakiweka juu ya kabati la mafaili nyuma yake. Akarudi kukaa. Kifungu hakikukatika hata neno moja. Akatia sukari.

Mimi nilidhani homa inaniotesha.

Alipomaliza kifungu akanyoosha mkono mezani. "Sasa tukikitazama kitambaa chenyewe..." Akapapasa. Akainua mafaili. Akatazama chini ya meza. Akamtazama mwandishi. Akamtazama Umm Hashim kwa jicho baya.

"Nani amekichukua?"

Mwandishi akainamia kalamu yake. Wajumbe wengine wawili wa kamati wakagundua ghafla kwamba chai ni moto. Ni Umm Hashim, yule yule niliyemwita mwenye mkono mrefu mbele ya watu, aliyeinua kidole kimoja, akaonyesha juu ya kabati.

Ustadh Ragai aligeuka. Akakiona. Kisha akavua miwani yote miwili, akaifuta kwa tai, na nikayaona meno yake. Ana pengo upande wa kushoto.

"Andika," akamwambia mwandishi. "Kitambaa kimepatikana ghalani kikiwa salama. Kilikuwa kimewekwa mahali pa heshima, ambapo mashine haikuelekezwa kusikiliza. Dhamana ya Sitt Inshirah ni kamili."

Nililia kama mtoto, sina haya. Baadaye nilimtafuta Umm Hashim nyuma ya ngazi, nikamwomba radhi. Nikampa ushungi. Alikataa mara mbili, kama inavyopasa, kisha akauchukua. Nilimwuliza kwa nini alinisaidia. Akasema, "Nilikuonyesha kabati tu. Kukusamehe bado." Nimemwelewa vizuri sana.

Niandikie mara moja kuhusu Bwana Wagih na kiti chako. Kama hakipo, njoo huku. Chumba chako kipo, na mapazia yake, unajua mwenyewe, ni safi.

Limebaki moja. Ile barua yako ya swali nilipoisoma nilitaka kuichana. Nikaipekua kwanza, kama tunavyopekua kila karatasi kabla ya kuitupa. Haikuwa na salamu, haikuwa na bismillahi, haikuwa na jina la Mungu hata mahali pamoja. Nikaitia kwenye kabati la viatu, na sikupata dhambi. Imekaa humo mpaka leo, chini ya kandambili zangu za bafuni.

Asubuhi hii nimeitoa. Nimeikung'uta, nimeiweka ndani ya bahasha ya hii yako ya mwisho, yenye bismillahi, nikazipandisha zote mbili juu ya kabati la nguo, kando ya picha ya Mama. Nakwambia sasa hivi wakati bado nakumbuka. Nikija kuzisahau, wewe unajua pa kuanzia kutafuta.

Dada yako,
Inshirah